Mistari Mitatu Kwenye Kona

Tarehe 4 Machi

Bibi yangu, mke wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kazi imetubana ofisini hadi tunakula tumesimama. Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyoagiza, maana ulisema mambo ya maana hayasemwi kwenye simu ua mzima ukasikiliza. Dereva wa gari la magazeti ameahidi kukufikishia hii kesho asubuhi.

Ile programu ya wagonjwa wa zahanati, ile iliyo kwenye simu ya Fundi, jirani yetu wa cherehani, tunaibadilisha. Tangu mwanzo kila kitu kilikaa kwenye kioo cha kwanza: dawa za asubuhi, dawa za jioni, siku ya kliniki, na katikati kile kitufe chekundu cha kumwita muuguzi wa zamu. Sasa zahanati imetaka tuongeze mambo mengine tisa, na kioo hakitanuki. Kwa hiyo tumeweka menyu. Menyu ni kama kabati, Bibi. Vitu vinaingia ndani, mlango unafungwa, mbele panabaki pasafi. Mlango wenyewe ni vistari vitatu vidogo vilivyolaliana, juu kabisa kwenye kona. Ukivigusa, orodha inashuka, na kitufe cha muuguzi kimo humo, cha nne kutoka juu. Aliyepanga hivyo ni mimi, na mkuu wa kazi amependa.

Ila kanuni ya hapa ni kwamba toleo jipya halitoki mpaka wazee watano wawe wamelijaribu, na wanne wakipate kitufe bila kusaidiwa. Wanne wameshajaribu. Watatu wamekipata, mmoja ameshindwa. Wa tano ni wewe. Nimekutumia hilo toleo, limeshaingia lenyewe kwenye simu yako. Lifungue, utafute kitufe cha muuguzi, uniandikie. Usiogope kukibonyeza, ni cha majaribio, hakuna atakayekuja mbio. Jibu linatakiwa Ijumaa saa sita.

Najua wewe hushindwi.

Mjukuu wako na mumeo,
Kidole


Tarehe 6 Machi

Wewe Kidole, mume wangu usiyejua kutunza barua,

Marahaba. Karatasi yako imefika ina alama ya kikombe cha chai. Dereva anaapa aliipokea hivyo hivyo. Na mwandiko wako umeharibika. Nimekusomesha kwa kusugua masufuria ya shule miaka ishirini na sita, na mimi niliyeishia darasa la tatu nanyoosha mstari kuliko wewe.

Unanieleza kabati kama mtu ambaye hajawahi kuona kabati. Programu yako nimeijaribu. Nimeifungua, kitufe nimekiona, kiko palepale katikati, chekundu, kikubwa kama mfuniko wa chupa ya chai. Nimekibonyeza mara moja tu na wala jua halikusogea. Waambie wakubwa zako. Na huyo mzee aliyeshindwa mlimtoa wapi? Mngemuuliza kwanza kama amevaa miwani.

Hapa uani nimewatangazia kwamba mjukuu wangu hatoi kitu mpaka mimi nimekikagua. Fundi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Akasema, "Basi kuanzia leo wewe ni Mkaguzi. Nikikuita jina lingine usiitike." Sikukataa. Mke wa seremala naye alikuwepo, nikamwambia wako wazee simu zinawachezea, lakini siyo mimi.

Fundi anakusalimu. Presha yake inapanda na kushuka, dawa anakunywa pale simu inapomlilia. Ana sare za shule nzima za kumaliza kabla muhula haujaanza. Anauliza ile suruali ya mahafali aliyokushonea bado inakutosha au umeshaota kitambi.

Vaa sweta.

Bibi yako,
Mkaguzi


Tarehe 8 Machi

Bibi yangu Mkaguzi,

Shikamoo. Asante kwa jibu, limefika saa tano, saa moja kabla ya muda. Nimejaza fomu: watano wamejaribu, wanne wamefaulu. Jumatatu toleo jipya litaingia lenyewe kwenye simu za wagonjwa wote, ya Fundi ikiwemo. Mkuu wa kazi amenishika bega mbele ya wenzangu.

Mwambie Fundi suruali inanitosha, ila nikiivaa sicheki.

Naandika kwa kifupi, kuna kikao.

Kidole


Tarehe 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nakupa habari ambayo ningependa uipate kwangu kuliko kwa dereva.

Fundi ameanguka. Ni siku ya sita leo. Wanasema ni kiharusi. Yuko hospitali, roho ipo, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii. Maneno yanatoka kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Daktari amesema wangemfikisha mapema huenda mkono ungepona. Madaktari wanapenda kusema.

Cherehani nimeifunika kwa shuka. Sare thelathini na nne hazijaisha, nyingine zina mkono mmoja.

Usije. Una kazi. Na wewe kuja kwako hakutamwinua.

Bibi yako


Tarehe 4 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa. Pole sana. Fundi ndiye aliyenishonea begi la kwanza la shule kwa kitambaa cha mapazia. Mwambie, kama anasikia, kwamba namkumbuka.

Naomba nikuulize machache, ni mambo ya kazi tu. Ilikuwa saa ngapi? Alikuwa peke yake? Simu yake ilikuwa karibu? Kuna mtu alimwita muuguzi kwa kile kitufe? Pikipiki ya zahanati haichukui zaidi ya dakika kumi kufika hapo uani, ndiyo maana nauliza.

Unijibu mapema, Bibi.

Kidole


Tarehe 6 Aprili

Kidole,

Marahaba. Unauliza maswali kama karani wa mahakama.

Simu yake haikuwa na chaji. Ndiyo hivyo. Mtu anashona kutwa, umeme unakatika, anasahau, ikafa. Hakuna aliyebonyeza chochote. Mwenye mkokoteni wa maji alipita, akashusha madumu yake, tukamlaza Fundi humo mpaka barabarani, tukapata gari. Basi.

Bomba la uani linavuja tena na mwenye nyumba anajifanya haoni. Mke wa seremala amenunua pazia la rangi ya haradali, macho yanauma. Na wewe umri unakwenda, kila mwaka unaniita mke wako ili usitafute wa kwako.

Usiniulize tena habari za simu.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Simu ilikuwa na chaji.

Sikutaka kuandika haya, nimechana karatasi tatu. Programu ile huandika kila mguso, saa na dakika yake, na mimi ndiye ninayeruhusiwa kusoma. Siku Fundi alipoanguka, ilifunguliwa saa nne na dakika saba asubuhi. Kioo kiliguswa mara arobaini na moja, karibu zote katikati, mahali kitufe kilipokuwa zamani. Mguso wa mwisho ni saa nne na dakika thelathini na mbili. Vile vistari vitatu havikuguswa hata mara moja.

Mkono wa Fundi ulikuwa umeshaacha kumsikia. Nataka kujua tu aliyeishika simu ni nani.

Kidole


Tarehe 17 Aprili

Kidole,

Barua yako nimekaa nayo siku nane. Dereva amepita mara tatu akiuliza jibu, nikamwambia mkono unaniuma. Mkono hauniumi. Ndivyo nilivyo sasa, nikishadanganya kimoja cha pili kinatoka chenyewe.

Aliyeishika simu ni mimi.

Fundi alikuwa anashona, mimi nimekaa mlangoni kwake namenya viazi. Alikuwa ananisimulia habari za mwalimu mkuu aliyerudisha sare kwa sababu mifuko imepinda. Katikati ya maneno akasema, "Ulimi umekuwa mzito," kama mtu anayesema chai imepoa. Nikamwambia, "Upumzishe basi, umeufanyisha kazi tangu alfajiri." Nikacheka, mjukuu wangu. Nilicheka. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa umehama mahali pake. Akateleza kwenye kiti polepole, akakaa chini, mgongo kwenye miguu ya cherehani. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye simu iliyokuwa juu ya vitambaa. Halafu akaniangalia mimi.

Nikaichukua, nikaifungua. Dawa za asubuhi zipo, siku ya kliniki ipo, kuna picha ya mama anayetabasamu na kapu la matunda. Chekundu hakipo. Nikabonyeza pale kilipokuwa. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa kiziwi. Nikaifuta kwa nguo. Nikakumbuka mistari yako ya kwenye kona, nikapeleka kidole juu, pazia jeusi likashuka likafunika kioo kizima, limeandikwa habari za mvua. Nikalipandisha. Nikaenda tena juu, likashuka tena. Mara ya tatu nikaogopa kurudi huko, nikabaki katikati ninapopajua. Hizo ndizo arobaini na moja zako. Mimi sikuzihesabu.

Sasa nikueleze lile ambalo mashine yako haikuliandika. Ukutani upande wa pili nilimsikia mke wa seremala anaosha vyombo. Ana simu, ana macho, ana miaka thelathini. Ukuta ule ukiukoholea anakwambia pole. Ningeugonga kwa kisigino tu. Sikuugonga. Wiki tatu kabla nilikuwa nimemwambia kwamba wako wazee simu zinawachezea, lakini siyo mimi. Nikasema nitakipata sasa hivi. Kila mara nilisema sasa hivi. Mpaka mwenye maji akaingia uani na mkokoteni ndipo sauti ikanitoka.

Na kuna lingine, la zamani kuliko hilo. Ile siku ya majaribio nilifungua simu yangu kama ulivyosema. Nilianza na chai ya asubuhi, chai ikapoa, jua likaingia mpaka kwenye kizingiti. Kila nikigusa juu linashuka pazia. Barua yako iko magotini, umeandika "najua wewe hushindwi". Nikaona ujinga ni wangu, siyo wa simu. Nikaizima, nikaifunga kwenye leso, nikaitia ndani ya kopo la biskuti. Halafu nikakuandikia kitufe cha zamani, kile nilichokuwa nakiona kwa Fundi kila siku.

Nimefikiri siku nane na kitu kimoja ndicho kinachonikata. Kushindwa kwangu ndiyo kazi uliyonituma. Ningeandika neno moja tu, nimeshindwa, kitufe kingebaki mahali pake na Fundi angekuwa anashona.

Hajui. Anafikiri nilifanya nilivyoweza. Jana nilimlisha uji hospitalini, akanipapasa shavu kwa mkono wa kushoto. Nikatoka nje nikasimama penye mapipa ya taka mpaka wakati wa kuona wagonjwa ukaisha.

Usiniite Mkaguzi tena.

Bibi yako


Tarehe 19 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nilijua.

Sikujua habari za pazia wala kopo la biskuti. Lakini siku barua yako ilipofika nilijua hukukiona kitufe. Nilikuwa nimekuandikia kona, vistari vitatu, ndani ya orodha, cha nne kutoka juu. Wewe ukanijibu katikati, kikubwa kama mfuniko wa chupa ya chai. Barua ile niliisoma mara nne. Ilikuwa saa tano, fomu iko mezani, na nafasi ya jina lako ni ya mwisho. Nikasema moyoni, Bibi amechanganya maneno tu. Nikajua hukuchanganya. Nikaweka alama ya kufaulu.

Halafu lile neno la "najua wewe hushindwi". Nilipoliandika nilijua nakuandikia nini. Ninakufahamu tangu nikiwa na meno ya maziwa. Nilifunga mlango wa kushindwa kabla hujajaribu, kwa sababu nilihitaji mtu mmoja zaidi.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Ulipodanganya ulikuwa unamdanganya mtu aliyetaka kudanganywa.

Leo asubuhi nimemwambia mkuu wa kazi yote, nikaweka barua zako mezani kwake. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Toleo la zamani limerudishwa kwenye simu za wagonjwa leo mchana. Mimi nimeondolewa kwenye kupanga vioo. Nimepewa kusoma malalamiko yote yaliyotumwa tangu Machi, ambayo hakuna aliyekuwa ameyafungua. Yako mia mbili na kumi. Yanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Mmoja ameandika tu, "Mmempeleka wapi muuguzi?"

Nataka kuja kumwangukia Fundi miguuni. Nafika kituo cha mabasi, narudi.

Kidole


Tarehe 30 Aprili

Kidole,

Marahaba.

Basi tuko wawili. Mjinga mmoja na mwerevu mmoja, na mwerevu ndiye aliyefanya vibaya zaidi, maana mimi nilidanganya sijui kitakachotokea, wewe ulijua kitufe kimekwenda wapi. Nakwambia hivi siyo ili nipumue. Nakwambia kwa sababu mtu asipokukaripia utafikiri yameisha.

Lile kovu la mkononi mwangu ulikuwa ukilibonyeza ukiwa mdogo, unauliza kama linauma. Ulibonyeza kila kitu, redio ya babu yako, swichi ya taa, kitovu cha mtoto wa jirani, ndiyo maana ukaitwa Kidole. Nilikuwa nakwambia niliunguzwa na uji. Siyo uji. Jikoni shuleni tulikuwa na ndoo ya mchanga ikining'inia mlangoni, mbovu, ina kutu. Akaja mkuu wa shule mpya anayependa usafi, akaihamishia stoo nyuma ya magunia. Siku mafuta yaliposhika moto nilinyoosha mkono mlangoni bila kuangalia, mkono ukashika hewa. Sikuwahi kukueleza kwa sababu niliona aibu, mpishi mzima kukosa ndoo yake. Kumbe aibu yangu ndiyo inayoua watu. Ningekueleza, huenda siku ile ungeacha kitufe mlangoni.

Fundi alirudishwa nyumbani Jumamosi ile ya tarehe 20. Jumapili nimemwambia. Nilimwambia ya kwangu na ya kwako, nimekaa kwenye kile kiti chake cha kushonea. Aligeuza uso ukutani. Siku tatu nilikuwa naingiza chakula, natoa sahani, hanitazami.

Siku ya nne nilikuwa nafagia chini ya cherehani, nikasikia ananiita. Anaongea taratibu, lazima uinamishe sikio.

Akasema, "Nilikuwa nakusikia unabonyeza. Tap, tap, tap. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mzima. Ukuta ulikuwa hapa. Ningepiga teke, mke wa seremala angekuja."

Nikamuuliza, "Mbona hukupiga?"

Akasema, "Nilisema Mkaguzi yupo."

Nikaendelea kufagia. Mahali palikuwa pameshakuwa safi, nikaendelea kufagia.

Nilipomaliza nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Leo hapana. Funua hiyo cherehani." Nikafunua. Sasa kila siku baada ya chai ananikalisha pale nimalizie sare zake, mimi ambaye kifungo cha blauzi yangu mwenyewe nilikuwa nampelekea yeye. Ananielekeza kwa mkono wa kushoto na kunitukana kwa nusu mdomo. Jana kasema mshono wangu umekwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Nimefumua nikashona upya. Tumemaliza tatu. Zimebaki thelathini na moja.

Amenipa na salamu zako, naziandika kama alivyozitoa. "Mwambie Kidole asije na machozi, ninayo ya kutosha. Awaambie wakubwa zake kwamba kioo kikipangwa tena, wa kukikagua ni mimi."

Nimemaliza. Mwandiko wako umenyooka kidogo.

Bibi yako


Tarehe 10 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, na kwa Fundi shikamoo yake peke yake.

Mkuu wa kazi nimemsomea salamu za Fundi neno kwa neno. Akaniuliza, "Huyo anaweza kushika simu?" Nikasema kwa kushoto. Akasema, "Basi mtumie." Amenikalisha na mwenzangu mmoja, yeye anapanga, mimi nasema ni wapi wazee walipotelea. Menyu imebaki, maana yale mambo tisa bado yapo, lakini kitufe cha muuguzi tumekitoa kabatini. Kiko nje, chekundu, hakijifichi ukifungua chochote. Tumekiweka chini kwenye kona ya kulia, karibu na kidole gumba, ili mtu asilazimike kupeleka mkono juu kwenye pazia.

Toleo limeshaingia kwenye simu ya Fundi. Safari hii sikuandikii neno lolote la kukutia moyo, wewe wala yeye. Fomu yake ni hii hapa chini, ina swali moja, kama amekipata kitufe mwenyewe. Ikijazwa hapana, toleo halitoki.

Kidole


Tarehe 13 Mei

Kidole, mume wangu,

Marahaba. Fundi anasema shikamoo yake ameipokea na bado hajaamua aifanye nini.

Jaribio limefanyika leo saa nne asubuhi, mlango wazi, mke wa seremala akiwa shahidi, nimemwita mwenyewe. Nikamweleza na yeye kisa chote, cha ukuta pia. Amelia, halafu akaniambia siku nyingine nigonge hata kama ni chumvi imeniishia.

Fundi alikuwa amelala, mito miwili mgongoni. Nikampa simu kwenye mkono wa kushoto. Akaifungua. Kitufe alikiona hapo hapo, akasema, "Huyo." Akanyoosha kidole gumba. Kona ya kulia ni mbali kwa mtu wa mkono wa kushoto. Gumba likafika katikati likasimama. Akaisukuma simu kwa kidevu, ikamwangukia kifuani. Akaiokota. Akajaribu tena, ikateleza ikaenda chini ya shuka. Mara ya tatu alikuwa ameuma mdomo ule upande unaosikia.

Mikono yangu niliikalia. Naapa niliikalia, nikasikia mbao za kiti kwenye vidole. Ningesogeza simu nusu shibiri tu angekipata, na wewe ungepata ndiyo yako, na wote tungefurahi.

Mara ya tano akaiweka simu chini. Jasho linamtoka kama amepanda ngazi. Akaniambia, "Chukua kalamu."

Nimechukua. Nikamuuliza, niandike kwamba umekiona upesi lakini kidogo tu hukukifikia? Niandike kwamba karibu ulikipata?

Akanitazama, Kidole. Kwa jicho la upande unaosikia.

Basi naandika alichosema, hakuna langu hata moja: Sikukipata. Kirefushwe, kijae chini kote, upande mmoja mpaka wa pili. Rudia.

Ameweka alama yake mwenyewe hapo chini kwa mkono wa kushoto. Ule mstari uliopinda usidhani ni mkwaruzo wa njiani.

Bibi yako,
karani wa Mkaguzi